Msumari Kwenye Mugumo

Kambi ya utafiti, juu ya Githongo
Jumanne, 3 Septemba 2024

Komredi Mwendwa,

Muga! Mguu unasemaje? Mgongo wangu ndio unaosema huku. Nilikubeba kutoka ploti ya tatu hadi barabara ya majani chai, na njia nzima badala ya kulia kama mtu aliyevunjika mfupa ulikuwa unanikumbusha nisisahau kupima unyevu wa udongo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikwambia lile gogo lina utelezi, ukasema wewe ni mtu wa Ishiara, umezoea mawe. Haya, pumzika na plasta yako huko Embu, uandike sura zako, mimi nitapima miti yangu na miche yako pia. Ukipata digrii ya uzamili kabla yangu utaninunulia mbuzi.

Mtandao hapa ni kama unavyoujua, yaani haupo. Kwa hiyo barua. Kila wiki nitakuwekea fomu za takwimu kwenye bahasha. Mlinzi wetu mpya, Mwirigi, ataishusha hadi kituo cha kununulia majani chai, dereva wa lori ataiacha kwa duka la dada yangu Celina pale Githongo, na Celina ataipandisha gari la Embu. Majibu yako yatapanda vilevile. Mwirigi ni mtu mzuri, mkimya, anapika ugali unaoliwa. Tangu yule mzee wa kwanza aache kazi, nilikuwa nalala na panga chini ya mto.

Jambo moja, na usianze. Miti yote mikubwa nimeipigilia vibati vya namba kwa msumari, kama utaratibu wetu ulivyo. Ila mugumo wa ploti ya tatu. Ule kibati chake nimekifunga kwa kamba ya katani. Babu yangu aliniita kitandani kabla hajafa, nikiwa darasa la sita, akanishika mkono akaniapisha kwamba chuma changu hakitaingia kwenye mugumo maisha yangu yote. Kwetu hata tawi lake lililojiangukia halichomwi. Nimesoma, naandika tasnifu kuhusu miti, na bado chuma changu hakitaingia. Cheka umalize, halafu tuendelee na kazi.

Wako wa porini,
Kinyua


Embu
Jumapili, 8 Septemba 2024

Komredi Kinyua,

Nimecheka nikamaliza, sasa tuendelee na kazi.

Kamba inaoza, wewe! Tembo atakuja kujikuna hapo, kibati kitaanguka, na mwakani nani atajua mti huu ni upi? Wasahihishaji watauliza kwa nini mti mmoja una utaratibu wake peke yake kama mtoto wa tajiri. Tutawajibu nini? Babu alisema? Msumari mmoja tu, komredi. Mti mnene hivyo hautajua hata kama umechomwa. Kwenye nafasi ya chini ya ukurasa nitaandika: "Kinyua ametubu."

Baba amekuja kuniombea mguu. Unamjua mchungaji wetu. Nilimpikia uji, akaunusa, akasema umechacha, akaurudisha. Kwake uji uliochacha ni mlango wa pombe. Siku ya harusi ya dada yangu Ednah, alimfukuza mjomba wake mwenyewe na kibuyu cha muratina mbele ya wageni wote, na mzee wa watu alikuwa ameleta zawadi. Mimi nimefika miaka ishirini na saba sijui pombe ina ladha gani. Sasa nikimweleza baba kwamba mwenzangu wa chuo anaogopa mti, atapanda huko na Biblia na nyundo, apigilie mwenyewe.

Plasta inawasha. Kitu kingine: toa picha kwenye zile kamera tulizofunga mitini kabla mvua hazijaanza. Nataka kujua kama ni tembo au ni paa anayekula miche yangu ya muthaiti. Kila ukurasa nimeandika "mnyama asiyejulikana," na msimamizi ameanza kunichoka.

Na asante kwa kunibeba. Sikusema siku ile kwa sababu nilikuwa na maumivu. Asante.

Mwendwa


Kambini
Jumamosi, 14 Septemba 2024

Komredi,

Msumari, hapana. Tumemaliza hiyo.

Sasa nisikilize. Nimetoa picha za kamera. Mnyama wako anayekula miche nimempata, ni paa. Lakini kamera ya bondeni, nyuma ya ploti ya tatu, imepiga watu. Watatu wana msumeno wa injini. Picha nyingine ng'ombe wawili wanaburuta gogo. Ni muthaiti, Mwendwa, tena mkubwa. Kibati changu kinaonekana juu yake kiking'aa. Mmoja wa wale watu ameipa kamera kisogo, amesimama mkono kiunoni kama mwenye shamba. Betri iliisha kabla sijafika picha za mwisho.

Nilishuka bondeni kuangalia. Visiki wamevifunika kwa udongo na majani, na juu yake wamepanda makangaga, mtu akipita asijue. Nimevikuta vingi kuliko nilivyotaka kuvikuta. Sisi tunaandika kwamba muthaiti hauchipui vizuri siku hizi, tunalaumu joto, tunalaumu paa. Kumbe mama zake wanaondolewa tukiwa tumekaa hapa tunapima majani.

Nimeogopa, sitakudanganya. Nilimwonyesha Mwirigi zile picha mbili tatu za kwanza kwenye kamera, akashtuka kuliko mimi. Akaniuliza kama nimeshamwambia mtu.

Kadi ya picha nimeificha. Siwezi kuituma kwa lori, na barua hii nimeikunja katikati ya fomu. Mwambie Kailemia, yule tuliyesoma naye ambaye sasa ni afisa wa misitu. Huyo namwamini kwa sababu hajawahi kunikubalia nimwibie majibu ya mtihani. Aje na askari. Mimi sitashuka, nikiondoka na kamera zote watajua, na nikiziacha watazivunja. Nitaendelea kupima kama kawaida.

Fanya haraka.

Kinyua


Embu
Jumatano, 18 Septemba 2024

Kinyua,

Nimempigia Kailemia simu mara tu nilipomaliza kusoma. Amesema kitu chochote kisiguswe, hata na wewe. Atakuja Jumamosi ya tarehe 28 na askari kumi, watapita njia ya juu, si ya kituo cha majani chai. Mpaka hapo kaa kimya.

Lakini kwa nini ulimwonyesha Mwirigi? Sisemi ni mbaya. Simjui, hata sura yake sijaiona. Ila mambo kama haya yakitoka kinywani hayarudi. Usimwonyeshe tena mtu yeyote.

Nakuogopea. Nimeandika nikafuta, nimeandika tena. Nakuogopea sana.

Mwendwa


Kambini
Jumapili, 22 Septemba 2024

Kwa Mwendwa,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima.

Nakujulisha kwamba nilikosea kuhusu zile picha. Nimeuliza na nimeelezwa. Wale watu wana kibali cha kuondoa miti iliyojifia. Ni watu halali. Tafadhali mwambie Kailemia asije. Akija ataharibu uhusiano wetu na jamii, na utafiti wetu unaweza kufungwa. Usizungumze tena habari hii na mtu mwingine.

Kuhusu kazi: miche imepimwa. Mvua imeanza. Mugumo wa ploti ya tatu nimeupiga msumari, kama ulivyotaka.

Fomu ziko ndani ya bahasha.

Kinyua


Embu
Jumatano, 25 Septemba 2024

Komredi!

Nimepumua. Siku hizi zote nilikuwa naruka kila simu ikilia. Haya, nimempigia Kailemia nikamwambia asije, ni watu wa kibali. Hakufurahi. Alisema angependa kuiona hiyo karatasi ya kibali kwa macho yake. Nikamwambia Kinyua si mtoto, akisema ameuliza ameuliza. Ameahirisha safari, na askari wake amewapeleka kazi nyingine.

Na sasa jambo kubwa: MSUMARI! Hongera! Vigelegele! Nilijua siku moja sayansi itashinda. Uliona? Mbingu hazikuanguka, babu hakufufuka. Nimemsomea Baba sehemu hiyo kwa simu, akasema "Haleluya" mara mbili. Sasa jedwali letu ni safi, miti yote ina utaratibu mmoja. Wewe ni mwanamume.

Ila mbona barua yenyewe kavu hivyo? "Natumaini u mzima" ni ya kumwandikia mwalimu mkuu. Umenikasirikia kwa sababu ya Mwirigi? Kama nimekukwaza, nisamehe, niliandika kwa hofu. Nitanie kidogo, huku nimechoka na kuta nne.

Mwendwa


Kambini
Jumatatu, 30 Septemba 2024

Kwa Mwendwa,

Asante kwa barua. Ilisomwa yote.

Tafadhali nijibu: mbali na Kailemia na baba yako, nani mwingine anajua habari ya zile picha? Na je, kuna picha yoyote ambayo nilikutumia wewe nikasahau? Jibu kwa ukamilifu.

Usije ukafikiria kupanda huku mguu ukipona. Barabara ni mbaya.

Kuhusu kazi: msumari wa kwanza kwenye mugumo haukutosha, nimepiga wa pili. Tawi lake moja nimelikata nikalichemshia chai. Ilikuwa chai nzuri.

Kinyua


Githongo
Ijumaa, 4 Oktoba 2024

Kwako Mwendwa, mdogo wangu,

Ni mimi Celina, dada wa Kinyua, mwenye duka ambalo bahasha zenu hupitia. Simu yangu iliingia kwa ndoo ya maziwa, iko kwa fundi, ndio maana nakuandikia. Nimekuwekea nduma kwenye hiki kikapu, uchemshe na maganda yake. Mguu uliovunjika unataka chakula, hautaki supu za mjini.

Nataka kukuuliza. Jumapili iliyopita tulikuwa na ibada ya kumkumbuka baba yetu. Kinyua hajawahi kuikosa, hata mwaka ule alikuwa na malaria alikuja akiwa amejifunga blanketi. Safari hii hakuja. Hakutuma neno. Tulimwekea chakula chake mpaka kikapoa. Mama alisema labda kazi, lakini usiku nilimsikia anaomba.

Nilimuuliza dereva wa lori. Anasema huyo ndugu yangu hajamwona siku nyingi. Anayeleta bahasha ni yule Mwirigi, na anayechukua majibu ni Mwirigi. Hanunui kitu, hasalimii mtu, anasimama tu kando ya mizani ya majani chai anangoja.

Anakuandikia nini? Mimi sifungui bahasha za watu. Niambie kama mmegombana, au kama ana msichana huko, nijue namna ya kumtuliza Mama.

Celina, Mama Gatakaa


Embu
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mama Gatakaa,

Shikamoo. Nduma zimefika, nimekula mbili nikiwa nimesimama kwa gongo moja. Nilijaribu kukupigia, simu imezimwa kweli.

Hatujagombana. Yuko salama, ananiandikia, na mwandiko ni wake mwenyewe. Wiki zilizopita alipata hofu kuhusu watu aliowaona wakikata miti, akataka aletewe askari, kisha akasema amekosea, ni watu wa kibali, nikawazuia askari wasiende. Tangu hapo barua zake ni fupi na baridi. Nilifikiri ni uchovu. Pole kwa ibada ya mzee, sikujua.

Kuna jambo dogo ambalo sijamwambia mtu. Tulikuwa na utani wetu kuhusu mugumo. Mimi nilitaka aupigilie msumari, yeye akakataa katakata kwa sababu ya babu yenu. Sasa ameandika kwamba ameupiga msumari. Nikacheka, nikampongeza. Barua iliyofuata akasema amepiga wa pili, na amekata tawi akachemshia chai, na chai ilikuwa nzuri. Ya kwanza nilicheka. Hii ya pili sikucheka, na sijui kwa nini. Wewe unamjua kuliko mimi. Ni mzaha wake huo?

Mwendwa


Githongo
Jumanne, 8 Oktoba 2024

Mwendwa,

Murungu wakwa, Mungu wangu! Kaa chini kama umesimama.

Mimi nilikuwepo siku babu alipomwapisha. Mtoto wa darasa la sita alitetemeka mpaka nikamshika mabega. Mwaka juzi hapa nyumbani mvua iliangusha tawi la mugumo juu ya zizi, ng'ombe wakawa nje wananyeshewa. Kinyua aliliinua tawi lile peke yake, akalipeleka mtoni kwa mabega, hakulikata hata kijiti kimoja, na huku sisi tunamwambia leta shoka tumalize. Huyo ndiye achemshie chai? Ulisoma hiyo barua au uliitazama tu?

Ndugu yangu hakupiga msumari wowote. Ndugu yangu ameshikwa. Anaandika anayoambiwa aandike, na wanaomsimamia wanasoma kila neno. Amewaomba aweke na mambo ya kazi ili barua ionekane ya kweli, na kwenye hayo mambo ya kazi ameweka uongo ambao wewe peke yako ungeujua ni uongo. Wao wangeonaje? Kwao msumari ni msumari. Alikuwa anakuita, msichana wewe. Alikuita mara ya kwanza, ukampigia vigelegele. Akakuita mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi.

Nisamehe. Nimelia, ndio maana naandika hivi. Ningekupigia kwa simu ya jirani, lakini haya siyasemi mbele ya wateja wanaonunua chumvi. Hata sijui nani kati yao ni wa nani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi ni siku ya wanawake kuokota kuni msituni. Nina kibali changu cha kuni. Nitapanda nao, na kamba yangu mgongoni kama kawaida. Mwanamke akiwa na mzigo wa kuni hakuna anayemtazama usoni. Wewe usimjibu Kinyua kitu chochote mpaka nirudi.

Celina


Githongo
Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Mwendwa,

Nimerudi. Sijalala vizuri.

Kambi haipo. Hema limeondolewa, mafiga yamepigwa teke, majivu ni ya zamani na mvua imeyanyeshea. Kitanda chake cha miti kimebaki na kimevunjwa, na pale chini udongo umechimbwachimbwa, kama mtu aliyekuwa anatafuta kitu. Viatu vyake vya mvua vipo, vyote viwili. Kwa hiyo alikoenda alienda bila viatu.

Nikajitenga na wenzangu nikateremka hadi kwenye mugumo. Njiani ule mti wa kafuri, muthaiti, nilifikiri utakuwa mwingi kama zamani, lakini kila mahali ni makangaga yaliyopandwa juzi. Ukiyakanyaga, mguu unagonga kisiki.

Mugumo umesimama. Mzima. Hauna tawi lililokatwa. Hauna msumari, Mwendwa. Nilipapasa shina lote kwa viganja. Kibati kiko palepale, na kamba ni ileile ya katani, imeanza kuota ukungu. Nikauegemea mti nikalia kidogo, na nilipotaka kuinyoosha kamba kwa sababu ilikuwa imekaa upande, kukatokea kijikaratasi cha nailoni nyuma ya kibati. Ndani kuna kile kidubwasha cha picha. Aliuandika huo mugumo kila barua, na sisi tulikuwa tunafikiri ni habari ya msumari tu.

Nadhani ndicho wanachokitafuta. Nadhani ndicho kinachomfanya bado awe hai.

Nimekitia ndani ya nduma moja. Iko chini kabisa ya kikapu, ina alama ya kisu. Usiichemshe.

Nilipofika dukani dereva alikuwa ameacha bahasha yako. Safari hii niliifungua, na Mungu atanihukumu akitaka. Nimekuwekea humu.

Celina


Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Mwendwa,

Hujajibu. Jibu upesi, maswali yale yote mawili.

Mugumo nimeukata leo. Wote. Nimeuangusha.

Usije.

Kinyua


Embu
Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Mama Gatakaa,

Nimeipasua ile nduma. Nimetazama picha zote, na Kailemia alikuwa amekaa kando yangu. Yule aliyeipa kamera kisogo, kwenye picha ya mwisho amegeuka. Kailemia anamjua, alishawahi kumkamata akiwa na mbao akamwona akitoka mahakamani kabla yeye hajatoka. Ni Mwirigi.

Mimi ndiye niliyemwandikia Kinyua kwa bahasha iliyopitia mikono ya huyo mtu kwamba askari watakuja, siku watakayokuja na njia watakayopita. Mimi ndiye niliyewazuia. Na barua yangu ya hongera walimsomea, au walimwacha aisome. Nafikiria uso wake wakati huo. Huna haja ya kunisamehe sasa. Tumtoe kwanza.

Wewe ulisimama chini ya mugumo siku ya Alhamisi, na siku hiyohiyo yeye akaandika ameuangusha. Kwa hiyo Alhamisi alikuwa hai, na uongo wa kuita umemwishia. Hakuna mkubwa kuliko huo.

Kailemia anasema hatujui wamemficha wapi, msitu ni mkubwa, na wakisikia askari wanamtafuta hawatamwacha akiwa anapumua. Anayejua njia ni mmoja, na huyo huja mwenyewe kuchukua majibu kando ya mizani. Kwa hiyo lazima kuwe na jibu la kuchukua. Jumanne lori likipanda tupu, Kailemia na watu wake watakuwa wamelala nyuma chini ya magunia matupu ya majani chai. Dereva amekubali, anasema Kinyua alimfundisha mwanawe hesabu. Mwirigi akishika bahasha, wataiacha iende, na wao waifuate.

Mimi nitakuwa dukani kwako kuanzia Jumatatu. Plasta bado iko, nitakuja na magongo. Baba ananileta. Nimemweleza kila kitu, na nimemwomba ruhusa ya kumsingizia jambo. Akasema, "Andika."

Kinyua lazima ajue tumemsikia. Akisikia vurugu bila kujua ni sisi atajaribu kukimbia, na bila viatu hatafika mbali. Bahasha hii ya pili ndiyo ya kupanda, nimeiwekea tarehe ya kesho ili Jumapili niliyoitunga humo ifae. Isome, kisha uifunge vizuri. Nimekunja karatasi yake kama ninavyokunja siku zote.

Mwendwa


Embu
Jumapili, 13 Oktoba 2024

Komredi Kinyua,

Nisamehe kuchelewa, nilikuwa kwa daktari. Anasema mfupa umeshika, lakini nisahau habari ya kupanda mlima mwaka huu. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, siji.

Maswali yako: hakuna mtu mwingine anayejua, na mimi sina picha hata moja, hukunitumia. Kailemia amehamishwa Jumatatu iliyopita, ameenda mbali, na hata akipiga simu siku hizi sishiki. Mambo ya vibali hayanihusu. Mimi nataka digrii yangu.

Hongera kwa mugumo! Mti mnene hivyo na umeuangusha kwa siku moja! Ulikuwa unainyima mwanga miche yangu, sasa itakua. Kwenye jedwali nitaandika kwamba haupo.

Habari za huku ni njema. Leo Baba amenitembelea baada ya ibada, na hakuhubiri. Alikuja na kibuyu cha muratina alichopika kwa mikono yake, akanimiminia mimi kwanza, kisha akajimiminia. Tumekunywa, mimi na yeye, kama tulivyozoea kila Jumapili. Uji wenyewe alisema hautaki ukiwa haujachacha. Tukaimba mpaka majirani wakagonga ukuta. Akaniambia nikusalimie sana, na nikwambie mvua ya wiki hii ina radi, ukisikia kishindo chochote ulale chini kabisa, usikimbie.

Muratina ni tamu, komredi. Sijui kwa nini hukuniambia mapema. Ukishuka, Baba amesema atakupa kibuyu chako peke yako.

Barua zako zote nimezisoma.

Mwendwa